Insha ya Uchambuzi katika Mitihani ya Shule za Biashara: Kilichofutwa, Kilichobaki na Namna ya Kujiandaa

Kwa karibu miaka 30, kijana aliyetaka kusoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, inayofahamika zaidi kama MBA, katika vyuo vya Marekani au Ulaya alijua kwamba mbali na maswali ya hesabu na ya lugha angepewa nusu saa aandike insha ya uchambuzi. Uhakika huo sasa umetoweka. Vitabu vya maandalizi vilivyochapishwa kabla ya mwaka 2023 bado viko mikononi mwa wasomaji, vikiwa na sura nzima kuhusu insha ambayo mtihani mmoja umeifuta na mwingine umeipunguza. Mtahiniwa mmoja hupoteza majuma akijifunza kitu ambacho hataulizwa, huku mwenzake, aliyesikia tu kwamba insha imeondolewa, akiingia katika chumba cha mtihani ambao swali lake la kwanza kabisa ni insha.

Mkanganyiko huo umezaa maswali matatu yanayohitaji kutenganishwa. La kwanza ni la taarifa: ni mtihani upi unaodai insha, na ni insha ya aina gani? La pili ni la sera: kwa nini wenye mitihani waliiondoa, na shule za biashara zimepata au zimepoteza nini? La tatu, ambalo ndilo linalomgusa mtahiniwa moja kwa moja, ni la mbinu: kati ya njia zinazopendekezwa za kujiandaa, ni ipi inayostahili muda wake? Uchambuzi huu unayafuata maswali hayo kwa mpangilio huo.

Chimbuko na mkondo wa mabadiliko

Mitihani miwili ndiyo inayotawala udahili wa shule za biashara za kimataifa. Wa kwanza ni GMAT, ambao chimbuko lake ni mwaka 1953, pale shule kadhaa za biashara za Marekani zilipokubaliana kutengeneza kipimo kimoja cha waombaji wao, na ambao leo unasimamiwa na baraza la shule hizo linalojulikana kwa kifupi kama GMAC. Wa pili ni GRE, unaomilikiwa na shirika la ETS, uliokusudiwa waombaji wa shahada za uzamili za fani zote. Kwa miaka mingi GRE haukuwa na nafasi katika biashara, lakini shule ya biashara ya Stanford ilianza kuupokea mwaka 2006, Harvard ikafuata mwaka 2009, na tangu hapo shule nyingi zimekuwa zikimwachia mwombaji achague. Kwa hiyo mitihani hiyo miwili ina ushindani wa kibiashara, na ushindani huo una sehemu yake katika hatima ya insha.

Sehemu ya uandishi wa uchambuzi iliingizwa katika GMAT mwezi Oktoba 1994, ikiwa na insha mbili za dakika 30 kila moja. Insha moja ilikuwa ya uchambuzi wa suala, yaani mtahiniwa alipewa kauli yenye ubishani akatakiwa achukue msimamo wake na kuutetea. Nyingine ilikuwa ya uchambuzi wa hoja, yaani mtahiniwa alipewa hoja ya mtu mwingine akatakiwa aonyeshe inasimama juu ya nini na inalegea wapi, bila kutoa maoni yake kuhusu jambo lenyewe. GRE nao ukaweka insha za aina hizo mbili katika mtihani wake mkuu mwaka 2002.

Kisha yakaja mapunguzo. Mwezi Juni 2012 GMAT uliondoa insha ya suala ili kupisha sehemu mpya ya ufafanuzi wa takwimu na majedwali, ukabakiza insha ya hoja peke yake. Mwezi Septemba 2023 GRE ulifupishwa hadi saa 1 na dakika 58, na katika kufupishwa huko insha ya hoja ikaondolewa, ikabaki ya suala. Mwezi Novemba 2023 GMAT ulitoa toleo jipya lisilo na insha kabisa, na mtihani wa zamani ukafungwa mwishoni mwa Januari 2024.

Matokeo ya mkondo huo ni ya kushangaza kidogo. Mtihani uliobuniwa kwa ajili ya shule za biashara hauna tena insha, ilhali mtihani wa fani zote unayo. Aidha, insha ya uchambuzi wa hoja, ambayo ndiyo iliyofanana zaidi na kazi ya meneja anayesoma pendekezo la mradi mezani kwake, haimo tena katika mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Mtahiniwa wa GMAT leo hukuta sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na ufafanuzi wa takwimu. Mtahiniwa wa GRE huanza na insha moja ya suala ya dakika 30, ndipo aendelee na sehemu za lugha na hesabu.

Kwa nini insha ilipunguzwa, na kilichopotea ni nini

Sababu ya kwanza ni urefu wa mtihani. GMAT wa zamani ulichukua zaidi ya saa tatu, na kila dakika iliyopunguzwa iliufanya uvutie zaidi kuliko mshindani wake. Insha ya nusu saa ambayo alama yake haikuingizwa katika jumla kuu ilikuwa rahisi kukatwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Hapo ndipo inapojitokeza sababu ya pili: tangu mwanzo insha ilipewa alama zake peke yake, kuanzia 0 hadi 6 kwa hatua za nusu alama, wakati jumla iliyotangazwa na kulinganishwa na watu, ile ya 200 hadi 800, ilitokana na hesabu na lugha tu. Mtu aliweza kupata jumla ya kujivunia huku insha yake ikiwa dhaifu, na shule zilizoshindania nafasi za juu katika orodha za ubora zilitangaza wastani wa jumla hiyo, si wastani wa insha.

Sababu ya tatu ni ya kipimo chenyewe. Insha moja iliyoandikwa kwa haraka ni sampuli ndogo ya uwezo wa mtu, kwa kuwa mada ikimkubali ataonekana hodari na ikimkataa ataonekana hajui. Maswali ya kuchagua jibu, kwa wingi wake, hupunguza bahati hiyo. Zaidi ya hayo, shule hupokea insha nyingine kutoka kwa mwombaji, zile anazoziandika nyumbani akieleza malengo na historia yake, kwa hiyo ilionekana kana kwamba insha ya mtihani inarudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Upande wa pili wa mizani hata hivyo una uzito wake. Insha ya nyumbani husomwa na ndugu, marafiki na washauri wa kulipwa kabla ya kutumwa, na tangu programu za akili mnemba zenye uwezo wa kuandika zilipofika mikononi mwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, haiwezekani tena kwa msomaji wa maombi kuwa na hakika kwamba sentensi alizo nazo ni za mwombaji. Insha iliyoandikwa chini ya usimamizi ndiyo iliyokuwa na hakika hiyo. Kwa maneno mengine, ushahidi wa uandishi wa mwombaji mwenyewe ulipunguzwa wakati uleule ulipokuwa unaanza kuwa adimu. Shule zinazopokea alama za GRE bado zinaweza kuisoma insha yenyewe ya mtahiniwa, si alama yake tu, na uwezekano huo wa kuilinganisha na insha zake za nyumbani ni jambo ambalo mtahiniwa hapaswi kulidharau.

Insha ya hoja kwa ukaribu

Ijapokuwa insha ya hoja imeondolewa, kuielewa ni lazima, kwa sababu kazi iliyoipima haikuondolewa. Sehemu ya lugha ya GMAT imejaa maswali ya fikra tunduizi, ambamo mtahiniwa hupewa hoja fupi na kuulizwa ni taarifa gani ingeidhoofisha, ingeiimarisha, au ni dhanio gani inalitegemea. Dhanio hapa ni jambo ambalo mwenye hoja hakulitamka lakini ni lazima liwe kweli ili hitimisho lake lisimame.

Ichukuliwe hoja ya kubuni ya namna hii. Meneja wa kampuni ya mabasi anaiandikia bodi kwamba mwaka jana kampuni iliweka intaneti ya bure katika mabasi ya njia moja ndefu, kwamba mapato ya njia hiyo yaliongezeka kwa asilimia 15, na kwamba abiria wengi waliojaza dodoso walisema wanaipenda huduma hiyo. Kwa hiyo kampuni ikiweka intaneti katika mabasi yake yote, faida yake itapanda kwa kiasi hichohicho.

Mtahiniwa asiyezoea ataanza kujadili umuhimu wa intaneti katika dunia ya leo, na hapo atakuwa ameshatoka nje ya swali. Aliyezoea ataona kwamba kati ya ushahidi na hitimisho kuna mianya isiyopungua minne. Kwanza, mapato kuongezeka baada ya intaneti kuwekwa hakuthibitishi kwamba yameongezeka kwa sababu ya intaneti, kwa kuwa huenda nauli ilipandishwa, mshindani aliondoka katika njia hiyo, au barabara ilitengenezwa. Pili, hoja inahama kimyakimya kutoka mapato kwenda faida, wakati gharama ya vifaa na ya vifurushi haikutajwa popote. Tatu, kinachomfaa abiria wa saa kumi si lazima kimfae wa dakika arobaini, hivyo njia moja haiwezi kuziwakilisha zote. Nne, waliojaza dodoso ni wale ambao tayari wamo ndani ya basi, na kupenda huduma ya bure si sawa na kuchagua basi kwa ajili yake.

Insha nzuri haikuishia katika kuiorodhesha mianya hiyo. Ilieleza pia ni ushahidi gani ungeiziba: mapato ya njia zinazofanana ambazo hazikuwekewa intaneti, hesabu ya gharama kwa kila basi, na idadi ya abiria wapya ikitenganishwa na ya wale wa zamani. Mtu anayeweza kufanya hivyo kwa maandishi atalijibu swali la kuchagua kwa wepesi, maana machaguo manne kati ya matano katika swali la aina hiyo hutungwa ili kumvuta yule ambaye hajajua mwanya uko wapi.

Insha ya suala kwa ukaribu

Insha iliyobaki, ya GRE, ina sura nyingine. ETS huchapisha hadharani orodha nzima ya mada zake, ili mtu yeyote azisome kabla ya mtihani. Miongoni mwa mada hizo imo kauli inayosema kwamba katika kazi yoyote, iwe biashara, siasa au elimu, wenye madaraka waachie ngazi baada ya miaka mitano, kwa kuwa uongozi mpya ndio njia ya hakika ya mafanikio. Kila kauli huambatana na maagizo, na maagizo hayo hayafanani: wakati mwingine mtahiniwa hutakiwa aeleze mazingira ambamo pendekezo lingefaa na ambamo lisingefaa, wakati mwingine ajibu hoja kali ambazo zingeupinga msimamo wake, wakati mwingine aujadili mtazamo pamoja na sababu inayotajwa kuutetea. Insha iliyoandikwa kwa ufasaha lakini ikayapuuza maagizo hujinyima alama kabla hata ubora wake haujapimwa.

Mtahiniwa wa Afrika Mashariki ana mfano mzuri karibu naye. Michael Joseph aliiongoza Safaricom ya Kenya kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, na huduma ya kampuni hiyo ya pesa kwa simu, M-Pesa, ilizinduliwa mwezi Machi 2007. Sheria ya miaka mitano ingekuwepo, kiongozi huyo angekuwa amekwisha kuondoka wakati huduma iliyoibadilisha kampuni inaanza. Mfano huo ni wa kweli, ni mahususi, na unaugusa moyo wa kauli. Hata hivyo, mwandishi wa kiwango cha kati huishia hapo na kutangaza ushindi, ilhali mwandishi wa kiwango cha juu huongeza swali ambalo msomaji makini angeliuliza: je, kiongozi mpya wa mwaka 2005 asingeizindua huduma hiyo? Akikiri kwamba mfano mmoja hauwezi kulijibu swali hilo, kisha akaeleza kwamba miradi mikubwa huhitaji mtu anayebaki kazini muda wa kutosha kuyaona makosa yake na kuyarekebisha, na akakubali kwamba katika siasa, ambako mwenye madaraka anaweza kuwazuia wengine wasimwondoe, ukomo wa muda una maana ambayo hauna katika kampuni yenye bodi na wanahisa, atakuwa ameichambua kauli na si kuikubali au kuikataa tu.

Misimamo minne kuhusu maandalizi

Msimamo wa kwanza ni wa kuipuuza insha. Wanaoushikilia wanasema kwamba muda ni mchache, kwamba alama za insha husimama peke yake, na kwamba hakuna aliyekataliwa na shule nzuri kwa sababu ya insha ikiwa hesabu na lugha zake ziko juu. Nguvu ya msimamo huu ni uhalisia wake, kwani saa kumi zinazotumika katika hesabu mara nyingi huleta faida inayoonekana zaidi kuliko saa kumi za insha, na kwa mtahiniwa wa mtihani wa sasa wa GMAT msimamo huu ni sahihi kwa upande wa insha yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba unachanganya uzito mdogo na kutokuwa na uzito. Alama ya chini sana katika GRE humfanya msomaji wa maombi aanze kuuliza maswali, hasa kwa mwombaji ambaye lugha yake ya kwanza si Kiingereza.

Msimamo wa pili ni wa kukariri kiolezo, yaani insha iliyokwisha kupangwa aya kwa aya na yenye sentensi za kuunganishia, ambayo mtahiniwa huijaza maneno ya mada siku ya mtihani. Faida yake ni ya kweli: humwokoa mtu na hofu ya dakika za mwanzo, humhakikishia mpangilio unaosomeka, na humsaidia zaidi yule anayeandika katika lugha yake ya pili au ya tatu. Lakini kiolezo kinaweza kumpa mtu mahali pa kuiweka hoja bila kumpa hoja yenyewe. Utangulizi unaoweza kuwekwa juu ya mada yoyote, kwa hakika hausemi lolote kuhusu mada iliyopo. Kuna pia hatari ya wazi, kwa kuwa ETS hutumia programu inayotambua insha zinazofanana na maandishi mengine, na mtu aliyekariri aya nzima kutoka katika kitabu anaweza kufutiwa alama.

Msimamo wa tatu ni wa kusoma kwa upana na kukusanya mifano ya historia, uchumi na sayansi. Msimamo huu unaheshimu maudhui, na matunda yake hayaishii katika mtihani, maana mtu anayesoma tahariri na ripoti za kampuni kwa jicho la kuuliza atazihitaji stadi hizo darasani. Kasoro zake ni mbili: huchukua miezi, na huzaa kishawishi cha kuubandika mfano ulioandaliwa hata pale usipohusika, hivyo insha ikawa maonyesho ya ujuzi badala ya jibu la swali.

Msimamo wa nne ni wa kuandika mara kwa mara kwa kupima saa na kusahihishwa. Huu ndio ulio karibu zaidi na tukio lenyewe, kwa sababu humzoesha mtu kupanga, kuandika na kupitia kazi yake ndani ya dakika 30, kwenye kompyuta isiyosahihisha tahajia. Ugumu wake uko katika msahihishaji. Mwalimu mzuri ni ghali au hapatikani, rafiki huona aibu kukosoa, na programu za akili mnemba, ambazo wengi sasa huzikimbilia, husaidia katika sarufi lakini huwa nyepesi kusifu na husafisha insha kiasi kwamba mwenyewe hajui tena kipi ni chake. Kurudia kuandika bila kukosolewa humfanya mtu akomae katika makosa yaleyale.

Msahihishaji ni nani

Ugomvi kati ya kiolezo na fikra hauwezi kuamuliwa bila kujua nani anayesoma. Tangu mwaka 1999 insha za GMAT zilisahihishwa na mtu mmoja pamoja na programu ya kompyuta, na mtu wa pili akaitwa pale tu wawili hao walipotofautiana kwa kiasi kikubwa. GRE pia hutumia mtu pamoja na programu. Programu hiyo haielewi hoja kama anavyoielewa binadamu, bali hupima sifa zinazohesabika, kama vile urefu wa insha, aina za sentensi, msamiati, mpangilio wa aya na makosa ya sarufi.

Wakosoaji waliushambulia mfumo huo kwa sababu nzito. Les Perelman, aliyewahi kuongoza programu ya uandishi katika chuo cha MIT, alitengeneza pamoja na wanafunzi mwaka 2014 programu iliyoitwa BABEL, inayotunga insha zisizo na maana yoyote lakini zilizojaa maneno makubwa, na baadhi ya insha hizo zikapewa alama za juu na mashine. Watetezi nao hujibu kwamba mashine haichoki, haina upendeleo wa siku, na haiachwi peke yake, kwa kuwa binadamu yupo.

Kwa mtahiniwa, funzo la mabishano hayo ni la pande mbili. Kwa kuwa mashine ipo, urefu wa kutosha, aya zilizo wazi na sarufi safi si mapambo, na insha ya aya mbili, hata ikiwa na wazo la kipekee, itaumia. Kwa kuwa binadamu yupo, maneno makubwa yasiyobeba kitu yatafichuka. Kiolezo kinaweza kumridhisha msomaji wa kwanza, ila wa pili anahitaji hoja.

Mazoea ya shule za Afrika Mashariki

Mtahiniwa aliyesoma katika ukanda huu haingii katika mtihani akiwa mtupu, kwa kuwa amekwisha kuandika insha nyingi. Tatizo ni kwamba baadhi ya mazoea aliyoyapata yanamvuta upande mwingine. Katika karatasi ya insha ya Kiswahili ya mtihani wa sekondari nchini Kenya, kwa mfano, swali la methali humtaka mwanafunzi atunge kisa kinachodhihirisha ukweli wa methali aliyopewa. Kazi hiyo ni halali na ina uzuri wake, lakini mwelekeo wake ni mmoja: kauli huchukuliwa kuwa kweli tangu mwanzo, na mwandishi husifiwa kwa kuithibitisha kwa kisa kimoja kinachoishia vizuri.

Insha ya uchambuzi inadai kinyume chake. Kauli huletwa ili ipimwe, na kisa kimoja hakitoshi kuithibitisha. Mwanafunzi hodari wa insha za methali anaweza kuandika Kiingereza kizuri, akatoa mfano wa kuvutia, na bado akapata alama za kati kwa sababu hakuwahi kuuliza ni lini kauli hiyo ingekosea. Upande wa pili, mwanafunzi huyohuyo ana faida ambayo vitabu vingi vya maandalizi haviitaji: amezoea mjadala. Midahalo ya shuleni, ambamo mtu hupewa upande wa kuunga mkono au kupinga bila kuuchagua, ni mazoezi ya karibu zaidi na insha ya suala kuliko insha za kubuni, na anayeikumbuka anapaswa kuitumia.

Kuipima mizani

Misimamo minne iliyoelezwa haipingani kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kila mmoja unajibu haja ya mtahiniwa tofauti. Hatua ya kwanza ni kuamua mtihani. Anayechagua GMAT hana haja ya kuandika insha ya kujiandaa, ila ahakikishe katika tovuti ya chuo anachokiomba kama kuna jaribio lingine la uandishi linalodaiwa, kisha auhamishie muda wake katika maswali ya fikra tunduizi. Hata yeye atanufaika akichukua hoja fupi kila juma na kuandika, kwa sentensi tano au sita, madhanio yake na ushahidi ambao ungeiziba mianya, kwa sababu kuandika humlazimisha mtu aseme wazi kile ambacho katika swali la kuchagua angekibahatisha.

Anayechagua GRE anahitaji zaidi, lakini si sana. Saa mbili kwa juma katika kipindi cha miezi miwili zinatosha kwa wengi, zikigawanywa kwa mpangilio unaotanguliza fikra. Majuma ya mwanzo yawe ya kusoma mada za ETS na kupanga majibu bila kuyaandika: msimamo ni upi, sababu mbili au tatu ni zipi, mfano gani unaihudumia kila sababu, na pingamizi kali kuliko yote ni lipi. Majuma ya kati yawe ya kuandika insha kamili bila haraka na kuzipeleka kwa msomaji mmoja anayeaminika, ambaye aombwe jambo moja tu, aonyeshe mahali ambapo hakushawishika. Majuma ya mwisho yawe ya kuandika kwa saa, kwa mgawanyo unaokaribia dakika 5 za kupanga, 20 za kuandika na 5 za kupitia. Mifupa ya insha, yaani mpangilio wa aya, ikaririwe, sentensi zisikaririwe. Akili mnemba itumike baada ya mtu kumaliza rasimu yake, na iulizwe imshambulie, isiulizwe imwandikie.

Muhtasari

Insha ya uchambuzi haikufa, bali imehama. Katika GMAT imefutwa kama maandishi, lakini kazi iliyoipima imebaki ndani ya maswali ya fikra tunduizi. Katika GRE imebaki moja, ya suala, yenye maagizo yanayobadilika. Shule za biashara zimepata mtihani mfupi zaidi na zimelipa kwa kupoteza ushahidi wa uandishi unaosimamiwa. Kati ya mbinu za maandalizi, kupuuza kunamfaa mtahiniwa wa GMAT peke yake, kiolezo kinafaa kama mifupa tu, usomaji mpana unafaa kwa mwenye muda, na kuandika kwa kukosolewa kunawafaa wote wanaokabiliwa na insha. Kinachotenganisha alama za kati na za juu ni uwezo wa kuona kile ambacho kauli imekichukulia kuwa kweli bila kukisema, na uwezo huo hujengwa kwa kuzihoji kauli kila siku, zikiwemo zile ambazo msomaji anazikubali. Kabla ya kununua kitabu chochote, mtahiniwa aangalie mwaka kilipochapishwa, kisha afungue tovuti ya mtihani na ya chuo anachokilenga.